Naombeni ushauri: jioni za mjadala mtaani zinakufa, kila mtu anauliza posho

BintiKigogo: Habari za jioni wakuu. Tupo vijana wachache wa kujitolea huku Kigogo, Dar es Salaam, kila mwisho wa mwezi baada ya Isha tunakaa na watu wa mtaa tunaongelea taka zinazotupwa mto Msimbazi, mafuriko, mkaa, ajira za vijana, mambo yetu wenyewe. Mwanzo watu walijaa. Sasa hivi wanakuja walewale, wababa watatu wanashika maiki mpaka usiku, wamama hawaonekani kabisa na ukimwalika mtu swali la kwanza ni posho shingapi. Mfadhili hatuna, na hatutaki atupangie cha kuongea. Roho inaniuma sana nikiona hiki kitu kinakufa, naombeni mwenye uzoefu anisaidie.

Mzalendo_Buguruni: Hongera dada. Posho usithubutu, watu wamezoeshwa na semina za miradi, ukimpa mmoja leo mwezi ujao wote wanadai. Kahawa na kashata za kuchangishana zinatosha kabisa.

MamaNtilie: Mdogo wangu, baada ya Isha mimi bado nasugua masufuria na kesho naamka saa kumi, nitakujaje? Wekeni Jumapili alasiri, au mtufuate kwenye vikoba, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopeshana, muombe nusu saa, hapo mtatupata wote tumekaa. Halafu leteni mada inayotugusa, serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, sawa nataka sana maana moshi umeniharibu macho, ila mtungi wa gesi unajazwa kwa hela ya mkupuo na mimi mkaa nanunua kopo kwa kopo kulingana na mauzo ya siku. Tuongelee hilo nakuja na wenzangu.

Sheria_Mkononi: Mada nyingine ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na watu wengi wa mabondeni wanaijua siku nyumba imeshapigwa X nyekundu ya kubomolewa. Kisomeni pamoja, mualikeni afisa mazingira aulizwe maswali ana kwa ana. Na sare za chama marufuku, chama chochote kile.

Mathare_Juu: Sasa dada, niko Nairobi. Huku Mathare baada ya mafuriko ya 2024 watu walichoka na maneno, so tukaamua kila kikao kiishe na kazi moja tu, mfano kuzibua mtaro fulani Jumamosi, na kikao kinachofuata kinaanza na waliofanya, hao ndio wanaongea kwanza. Wale wa kushika maiki wakapungua wenyewe na akina mama wakaanza kuongea, juu wao ndio walikuwa kwa mtaro.

BintiKigogo: Asanteni sana jamani, hii ya waliofanya kazi kuongea kwanza naipeleka kwa wenzangu leo leo. Tunahamia Jumapili alasiri na tunaanza na mita 60. Mkuu Sheria, barua ya kumuita afisa mazingira naipeleka moja kwa moja manispaa au?

Sheria_Mkononi: Pitia kwa mtendaji wa kata, nakala manispaa, na ubaki na yako yenye muhuri wa kupokelewa.