Kosiweki ya Takwimu 15 kati ya 40: nikomae, au niiache niipige sapu?

MwanaGungu

Wakuu habari za muda huu. Nipo mwaka wa kwanza, kampasi ya chuo cha umma hapa Kigoma mjini. UE (mitihani ya mwisho wa semista) zinaanza wiki tatu zijazo na leo kosiweki (alama za testi na kazi za semista) zimepanda kwenye mfumo. Kosiweki kwetu ni 40, UE ni 60. Zangu ziko hivi:

Takwimu (krediti 12): 15
Uhasibu (krediti 12): 24
Uchumi (krediti 10): 21
Sheria ya Biashara (krediti 10): 26
Stadi za Mawasiliano (krediti 8): 30
Kompyuta (krediti 8): 28

Takwimu imekaa hivi: testi ya kwanza 6/15, testi ya pili 9/15, kazi ya kikundi kuna kistari tu, wakati wenzangu wa kikundi wana 7/10.

Maswali yangu: Je, kwa 15 naruhusiwa kuingia chumba cha mtihani? Rumu meti wangu ananishauri Takwimu niiache nije niipige sapu (mtihani wa marudio), nguvu zote nipeleke Kompyuta na Mawasiliano nivune A. Ni ushauri mzuri? Tatu, nimekadiria nitapata Takwimu C, Uhasibu B+, Uchumi B, Sheria B+, Mawasiliano A, Kompyuta B+. Mimi hesabu inaniletea GPA (wastani wa pointi) 3.6, yeye anasema 3.5. Nani yuko sahihi?

---

Reli ya Kati

Mdogo wangu, kabla ya GPA shughulikia hicho kistari, tena kesho asubuhi. Kistari si sifuri. Maana yake alama haijaingizwa. Kazi za vikundi hupotea zaidi kuliko testi kwa sababu moja tu: karatasi ya mbele ina majina nane, namba ya usajili ya mmoja imekosewa tarakimu au imeandikwa ya mwaka mwingine, basi anayeingiza alama haioni kwenye orodha na anaruka.

Ukiingiziwa hiyo 7, Takwimu yako ni 22, siyo 15. Hapo unakuwa mtu mwingine kabisa.

Na swali lako la kwanza linajibiwa hapo hapo. Vyuo vingi vina kiwango cha chini cha kosiweki, na kinachotumika sana ni 16 kati ya 40. Chini ya hapo kuna chuo kinachokuzuia UE ya somo hilo, kuna kinachokupeleka moja kwa moja kulirudia mwaka unaofuata, yaani kariova. Fungua kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako, siyo grupu la WhatsApp la darasa. Ukibaki na 15 kwa uzembe wa kutofuatilia karatasi moja, umeumia bure.

Utaratibu: chukua nakala ya kazi ya kikundi ikiwa na ukurasa wa mbele. Kama nakala ngumu hamna, chapisha faili lililotumwa, na baruapepe ionyeshe tarehe ya kutumwa. Piga picha ya skrini ya alama zako na ya mwenzako mmoja aliyepata 7, kwa ridhaa yake. Pitia kwa CR (kiongozi wa darasa) kwanza, mara nyingi yeye ndiye mwenye orodha iliyosainiwa siku ya kukusanya. Kisha nenda kwa mwalimu wa somo. Akisema amekwishapeleka alama juu, andika barua fupi kwa mkuu wa idara: jina, namba ya usajili, somo, kipengele kinachokosekana, na viambatanisho. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo koridoni hayana ushahidi.

Usisubiri UE ziishe. Alama zikishapitishwa kwenye vikao, kurekebisha tarakimu moja kunahitaji kikao kingine, na kikao hakiitishwi kwa ajili ya mtu mmoja.

---

Hesabu_Haidanganyi

Nijibu la GPA. Rumu meti wako yuko sahihi hapo, ila kwenye la sapu kakosea, nitalifikia.

Wewe umechukua pointi ukazigawa kwa idadi ya masomo: 2+4+3+4+5+4 = 22, gawanya kwa 6, ikaja 3.66. GPA haiendi hivyo. Kila pointi inazidishwa kwa krediti za somo lake, kisha jumla inagawanywa kwa krediti zote. Madaraja yenyewe kwa digrii ni A 70 na kuendelea (pointi 5), B+ 60–69 (4), B 50–59 (3), C 40–49 (2), D 35–39 (1), chini ya hapo 0.

Takwimu C: 2 × 12 = 24
Uhasibu B+: 4 × 12 = 48
Uchumi B: 3 × 10 = 30
Sheria B+: 4 × 10 = 40
Mawasiliano A: 5 × 8 = 40
Kompyuta B+: 4 × 8 = 32

Jumla 214. Gawanya kwa 60, unapata 3.566. Vyuo vingi hukata kwenye desimali moja bila kukadiria kwenda juu, kwa hiyo inasomeka 3.5.

Sasa tazama hiyo 3.5 ilivyokaa. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5 hadi 4.3, la kwanza ni 4.4 kupanda, la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4. Kwa hiyo umesimama ukingoni kabisa. Mawasiliano ikishuka kutoka A kwenda B+ unabaki na 206, ambayo ni 3.4. Sheria ikishuka hadi B, 204, nayo 3.4. Somo moja tu.

Takwimu ikipanda kutoka C hadi B, unaongeza pointi 12 na kufika 226, yaani 3.7. Hapo hata Mawasiliano ikikuangusha daraja moja, bado una 218, ambayo ni 3.6. Kompyuta ikipanda kutoka B+ hadi A unaongeza 8 tu, 222.

Na ulize bei ya kila moja. Ukiwa na kosiweki 22, B ya Takwimu inataka 28 kati ya 60, sawa na 47 kwenye karatasi ya alama 100. A ya Kompyuta kwa kosiweki 28 inataka 42 kati ya 60, yaani 70 kwenye karatasi. Mtu anakuuzia kitu cha 12 kwa 47, mwingine cha 8 kwa 70, halafu unaambiwa kimbilia cha 70?

Kufaulu tu Takwimu, yaani C, ni 18 kati ya 60 ukiwa na 22. Lakini angalia kanuni zenu: vipo vyuo vinavyotaka pia alama ya chini kwenye UE peke yake, kwa mfano 24 kati ya 60, hata kama jumla inafika 40. Jiwekee 24 kama sakafu ili usije kushangaa.

---

Dagaa Mkavu

Mimi nina neno la kumtetea rumu meti. Kama somo limekushinda kweli, sapu si dhambi. Ukifaulu sapu unapata C, na C uliyoipata kwenye UE ni C hiyo hiyo. Kuna watu wanajichosha na masomo mawili magumu wiki ya mwisho wanaishia kuanguka yote sita.

---

Reli ya Kati

@Dagaa Mkavu, hesabu yako ni ya kweli nusu. C ya sapu ndiyo dari. Ujibu karatasi kwa 85, unaandikiwa C. Huyu kijana B iko karibu, kwa nini ajifungie mlango?

Pia kuna watu wakisikia "acha somo" wanaelewa wasiingie kabisa chumba cha mtihani. Hiyo usithubutu. Kutoingia UE bila ruhusa ya maandishi kwenye kanuni za vyuo vingi ni kutoroka mtihani, na adhabu yake ni kudisko (kufukuzwa chuo), siyo sapu. Ukiugua siku hiyo, nenda hospitali, chukua karatasi yenye tarehe, peleka chuo kabla au siku ile ile, uombe kuahirisha. Kuahirisha kwa ruhusa hakukuwekei dari ya C, maana unahesabiwa kama unafanya mara ya kwanza.

Halafu gharama. Kwenye vyuo vingi sapu za semista zote mbili hufanyika likizo ndefu, kabla mwaka mpya kufunguliwa. Bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) halihesabu siku hizo. Kama kwenu ni Kibondo au Kakonko, ni nauli ya kuja na kurudi, kodi ya geto ambalo ungekuwa umelirudisha, chakula, na kama chuo kinatoza ada ya sapu, kontroo namba (namba ya malipo) juu yake. Na Takwimu hairudi peke yake: inafuatwa na masomo yanayoitegemea, mpaka utafiti wa mwaka wa tatu.

---

Bi Kalkuleta

Naona mmemaliza kanuni, ngoja nimsaidie kuipata hiyo 47.

Mwanangu, Takwimu ya mwaka wa kwanza haina maswali mengi mapya. Kusanya karatasi za miaka minne iliyopita, steshenari za karibu na chuo huwa nazo, na maktaba pia. Usianze kuzijibu. Kwanza weka jedwali: kila swali linatoka mada gani na lina alama ngapi. Utaona mada nne au tano zinajirudia: data zilizopangwa kwenye madaraja (wastani, mediani, variansi), uwezekano, usambaaji wa kawaida, uhusiano na rigresheni, na majaribio ya nadharia tete. Anza na rigresheni na data za madaraja. Hizo ni za hatua, ukijua mpangilio unaokota alama hata jibu la mwisho likiwa na kosa.

Alama zinapopotea:

Variansi. Data 4, 6, 8, 10, 12 zina wastani 8, na jumla ya miraba ya tofauti ni 40. Ukigawa kwa 5 unapata 8, ukigawa kwa 4 unapata 10. Swali likisema sampuli, gawa kwa n − 1, yaani 4. Likisema idadi yote, gawa kwa 5. Msahihishaji anatafuta hapo hapo.

Mediani ya madaraja. Watu wanachukua 20 kwenye daraja la 20–29 badala ya mpaka wake halisi, 19.5. Jibu linasogea nusu nzima.

Kukadiria mapema. Beba desimali nne mpaka mstari wa mwisho, ndipo ukate mbili.

Kalkuleta. Kama unayo Casio fx-82ES, bonyeza MODE, kisha 2 kwa STAT, halafu 1 kwa data ya safu moja au 2 kwa rigresheni (A+BX). Kwenye fx-991ES, STAT ni namba 3. Safu ya marudio isipoonekana, bonyeza SHIFT na MODE, shuka chini, chagua STAT, kisha ON. Majibu yapo SHIFT na 1. Utakuta alama mbili za sigma: yenye n ni ya idadi yote, yenye n−1 ni ya sampuli. Itumie kuhakiki tu. Jibu tupu bila hatua halina alama za njia, ndiyo maana mtu anatoka akijisifu kapata yote kisha anaona 31.

Hakikisha pia kanuni zenu zinaruhusu aina hiyo ya kalkuleta. Zinazohifadhi maandishi hazipiti mlangoni.

Muda: karatasi ya saa tatu yenye alama 100 inakupa chini kidogo ya dakika mbili kwa alama. Swali la alama 20 ni dakika 36, zikiisha ruka, acha nafasi, rudi baadaye.

---

MwanaGungu

Shukrani sana wakuu, na wewe Bi Kalkuleta shikamoo. CR amesema orodha iliyosainiwa anayo, kesho naenda nayo kwa mwalimu. Swali dogo: kwenye hizo wiki tatu nigawe vipi muda? Na geto langu Gungu bati likipigwa mvua usiku husikii hata unachosoma.

---

Bi Kalkuleta

Marahaba. Gawa kwa krediti na kwa pengo, siyo kwa somo unalolipenda. Takwimu kila siku kwa muda wa saa mbili, asubuhi kabla ya joto, kwa mkono na karatasi. Uhasibu muda wa saa moja na nusu, nalo ni la mkono. Uchumi na Sheria kwa zamu, leo hili kesho lile. Mawasiliano na Kompyuta jioni, kwenye kikundi cha diskasheni, watu wanne wasizidi. Wiki ya mwisho jibu karatasi nzima mbili za Takwimu kwa saa tatu zilizotimia, simu ikiwa imezimwa.

Mvua za kipindi hiki Kigoma mara nyingi huja na umeme kukatika, kwa hiyo madesa (notisi) yaliyo kwenye simu yachapishe sasa kabla steshenari hazijafurika wiki ya UE. Kusoma usiku hamia darasani au maktaba, muulize mlinzi wanafunga saa ngapi.

---

Reli ya Kati

Na siku yenyewe: kitambulisho, namba ya mtihani, na uthibitisho wa ada usiwe na deni kwenye mfumo. Deni la ada hulijua ukiwa mlangoni wenzako wameshafungua karatasi. Liangalie wiki hii, kwa sababu malipo ya kontroo namba yakigoma kusomeka, mhasibu anahitaji siku za kazi kuyafuatilia, na Jumamosi ofisi yake imefungwa.

---

Dagaa Mkavu

Mpaka wa 19.5 umenigusa hata mimi. Dogo, ukishaingiziwa 7 yako turudishie jibu hapa, na uandike mlipita kwa nani, kuna wengine wana vistari kama chako.