Nilikwama mbele ya jaji, na rufaa yenyewe ni wiki mbili zijazo. Naomba ushauri

Tetere_Kibokoni
Jumanne, saa 4:10 usiku

Wadau, salamu. Mimi ni wakili, nimeapishwa miaka miwili iliyopita, kazi yangu ni hapahapa Mombasa. Kwa mahakimu siogopi, iwe mjini au Shanzu. Kwa Kadhi ndiyo kabisa, huko nakuwa kama niko barazani kwetu. Lakini Mahakama Kuu imenitoa jasho na sioni aibu kulisema.

Mteja wangu ni mama muuza mahamri na mbaazi Mwembe Tayari. Tuktuk ilimgonga alfajiri akivuka na beseni lake, mfupa wa paja ukavunjika, akatiwa chuma. Lawama tulikubaliana na wenzetu asilimia 80 kwa 20. Hakimu akampa shilingi 1,200,000 za maumivu na shilingi 148,600 za matibabu. Ukiondoa ile asilimia 20 yake, anabaki na 1,078,880. Mwenye tuktuk akakata rufaa. Mwenye tuktuk kwa jina tu, sote twajua nyuma yake kuna bima. Wakaomba pia hukumu isitekelezwe hadi rufaa isikizwe.

Siku ya ombi hilo ndiyo niliyosimama peke yangu mbele ya jaji kwa mara ya kwanza. Joho la kuazima, limenizidi mabega. Wakili wa upande wa pili, mtu mzima mwenye mvi, akasema maneno yake dakika tano kama anayemsomea mwenziwe gazeti. Nikainuka. Nikaanza na "Your Honour", la kumwitia hakimu, nikajirudi upesi, "My Lady", la jaji. Jaji hakukasirika. Akaniuliza swali moja tu: mteja wako akilipwa pesa zote leo, kisha rufaa ya wenzako ikafaulu, atazirudishaje?

Wallahi jibu nilikuwa nalo kichwani, kwa Kiswahili, lote. Kwa Kiingereza halikutoka. Nikasema ni mwanamke mchapakazi, nikanyamaza. Feni inazunguka juu, mimi nimeishika meza.

Jaji akaamuru pesa zote ziwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili. Mama hakupata hata nauli. Tulipofika ngazini akanitazama, akaniuliza: "Mwanangu, leo hukufungua kinywa?" Mpaka sasa sijui aliniuliza habari ya chai au habari ya kesi.

Rufaa inasikizwa wiki mbili zijazo. Hoja za maandishi zishaingia, jaji atatupa dakika kumi kila mmoja tuzikazie kwa mdomo. Je, nimpe faili wakili mkubwa? Au nisimame tena? Na huu ugonjwa wa Kiingereza kupotea mdomoni una dawa?

Chuma_cha_Makupa
Dawa ni kahawa tungu vikombe viwili na kashata, pale pale mtaani kwenu. Ukimaliza, hata Kireno utakisema, Fort Jesus iko jirani.

Mkongwe_wa_Joho
Jumanne, saa 5:02 usiku

Kijana, niko kwenye kazi hii tangu joho lako ni kitambaa dukani. Nitakuudhi kidogo.

Kiingereza hakikukuponza. Lile swali lilikuwa na jibu moja, na jibu lenyewe halikai mdomoni, hukaa kwenye hati ya kiapo. Fungua Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Agizo la 42, kanuni ya 6. Anayeomba hukumu isimamishwe aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa, kwamba hakuchelewa kuja, na kwamba yuko tayari kuweka dhamana. Wenzako walisema hasara yao ni hii: mama hana kitu, pesa zikiliwa zimeliwa. Mtu akishaapa hivyo, mzigo unahamia kwako, maana uwezo wa mteja wako wewe ndiwe uujuaye. Leseni yake ya kaunti iko wapi? Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita? Kitabu cha chama chao cha akina mama? Muuza mahamri wa Mwembe Tayari huenda akawa na mzunguko wa pesa kuliko mimi na wewe. Ungeviambatanisha, ningekuwa na matumaini ya nusu kulipwa na nusu kuwekwa, kama majaji wanavyofanya mara nyingi. Usingekuwa navyo, hata ulimi wa asali usingekusaidia.

Sasa hii rufaa ni mambo mengine, na huku wewe ndiwe uliyekaa kivulini. Wao ndio wa kusukuma gari. Soma Butt dhidi ya Khan, iliyo kwenye KLR (vitabu vya hukumu za Kenya) ya 1981: mahakama ya rufaa haiigusi fidia kwa sababu tu yenyewe ingetoa kiwango kingine. Lazima ionekane hakimu alifuata msingi usiofaa, au kiwango chenyewe kiwe juu au chini kupita kiasi mpaka ijulikane alipotea kabisa. Basi kazi yako si kuthibitisha kuwa 1,200,000 ni haki ya Mungu. Kazi yako ni kuonyesha kwamba mtu mwenye akili timamu angeweza kufika hapo. Kamata vitu viwili: ripoti za madaktari, wako na wa bima, na ukurasa ambapo hakimu alilinganisha na kesi za majeraha kama hayo. Angalia kesi alizotumia ni za miaka gani. Wenzako watakuja na za zamani ambapo paja lililovunjika lilikuwa laki nne. Mjibu kwa bei ya unga.

Usimpe mtu faili. Ukishindwa ukiwa umesimama, utajua ulipokosea.

Halafu, zile 148,600 za matibabu. Umezijumlisha risiti? Zijumlishe usiku huu.

Tetere_Kibokoni
Mzee, nimezijumlisha mara tatu. Ni 142,200. Zimepungua 6,400. Nadhani ni zile za teksi za kwenda kliniki, hakupewa risiti. Na wenzetu wamelitaja jambo hili kwenye hati yao ya rufaa, sababu ya nne. Nilidhani ni kijisababu.

Mkongwe_wa_Joho
Pesa zilizokwisha kutumika hutajwa kwenye madai na huthibitishwa kwa karatasi, hazikisiwi. Hizo 6,400 huna. Ziachilie mwenyewe, mapema, kabla jaji hajakuuliza. Atakuamini kwa yanayobaki.

Mwana_wa_Tudor
Naona mzee amepita haraka juu ya suala la lugha. Si kwamba kijana hakujiandaa tu. Katiba, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 86, inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na Kiswahili kinaruhusiwa mahakama za chini. Upande wa jinai ni hivyo hivyo, kifungu cha 198. Mama amevunjwa paja kwa Kiswahili, amelia kwa Kiswahili, ametoa ushahidi kwa Kiswahili, halafu akipanda ghorofa ya juu anakaa benchi la nyuma kama mgeni kwenye harusi ya watu. Hilo halihusiani na risiti.

Mkongwe_wa_Joho
Sijapinga. Wakili apeleke ombi la kubadilisha kifungu hicho, nitamchangia nauli. Ila wiki mbili hizi kifungu ni hicho.

Bi_Mkubwa_Kisauni
Mimi si wakili, nilikuwa mteja. Kesi yangu ya kiwanja ilienda Mahakama Kuu miaka sita. Kila siku natoka pale sijui nimeshinda au nimeshindwa, wakili wangu kashaondoka anakimbilia kesi nyingine. Mwanangu, ukimaliza kusema, kaa na mama yako huyo dakika tano kwenye benchi umwambie neno kwa neno. Ningepata hivyo nisingepata presha.

Chuma_cha_Makupa
Bi Mkubwa, samahani, kesi ya kiwanja miaka hii husikizwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hadhi ni ya Mahakama Kuu lakini ni mlango mwingine.

Bi_Mkubwa_Kisauni
Mlango ni mwingine, benchi ni lile lile.

Mzee_wa_Masjala
Jumatano, saa 12:30 asubuhi

Nilikuwa karani masjala miaka mingi, sasa nimestaafu nafuga kuku. Mawakili nimewaona wakubwa na wadogo, na majaji nimewaona na mawigi na bila mawigi, tangu Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoyaweka kando 2011. Mawakili wanaoanguka wengi huangukia ukurasa. Anasema "kama inavyoonekana kwenye rekodi" na hasemi ni wapi. Jaji anapekua, anakasirika kimoyomoyo.

Taja namba ya ukurasa kwanza. Kisha nyamaza, mpaka uone jaji amefika. Ndipo useme. Na tazama kalamu yake: ikiandika, usiongeze neno, ikisimama, endelea. Ikiwekwa chini mezani, kaa, umemaliza.

Nenda asubuhi mbili kabla ya siku yako, keti nyuma, msikize jaji huyo huyo akiuliza wengine. Majaji wana maswali yao wanayoyapenda, kama watu wa draft na kete zao. Na nakala yako ya rekodi ilinganishe kurasa na ile ya mahakamani. Wakati mwingine zinapishana.

Tetere_Kibokoni
Ahsanteni nyote. Nitarudi.

Tetere_Kibokoni
Alhamisi, siku kumi na tano baadaye, saa 2:45 usiku

Nimerudi. Nilisimama mwenyewe.

Tuliitwa saa tano unusu. Mwenzangu mwenye mvi alitumia dakika ishirini badala ya kumi na jaji akamwacha. Alileta kesi nne, mpya kabisa katika hizo ni ya miaka kumi na mitatu iliyopita. Zamu yangu ilipofika nikaanza na zile 6,400. Nikasema sababu ya nne ya rufaa naikubali, risiti ni 142,200, ukurasa wa 61 hadi 70. Mwenzangu akageuka kunitazama. Jaji akaandika, na mimi nikanyamaza kama Mzee wa Masjala alivyonielekeza. Kimya kile kilikuwa kirefu, lakini safari hii hakikuwa changu, kilikuwa cha kalamu.

Kisha nikaenda kwa madaktari. Daktari wa bima mwenyewe ameandika kwamba mguu umepungua urefu na chuma kitatolewa kwa upasuaji mwingine. Nikataja ukurasa wa 87. Jaji akapekua, akainua macho. Si 87, ni 78, ulimi umegeuza. Nikarekebisha, mikono ikitetemeka chini ya joho (langu safari hii, nimelinunua kwa mkopo). Na katikati ya sentensi ya Kiingereza, neno likanikimbia tena, nikajikuta nimesema "mfupa wa paja". Nilingoja ardhi inimeze. Jaji akasema, "Femur, counsel. Go on," akaendelea kuandika. Basi. Hakuna aliyecheka. Kumbe naye ana Kiswahili kama sisi, nilisahau kabisa jambo hilo.

Aliniuliza maswali mawili. La pili sikulijibu vizuri, kuhusu kwa nini hakimu hakueleza alivyofika 1,200,000 badala ya milioni moja kasoro. Nilisema hakimu hapaswi kutoa hesabu ya kila shilingi mradi kesi alizolinganisha nazo ziko hapo. Sijui kama limemridhisha. Usiku nililijibu vizuri zaidi, kitandani.

Baadaye nilikaa na mama kwenye benchi, nikamweleza yote, hata zile 6,400. Hazikumpendeza. Aliniambia teksi zile alipanda kweli, na Mungu alimwona. Sikuwa na la kumjibu.

Hukumu itasomwa mwezi ujao kwa mtandao. Mama ananiuliza ataisikia vipi, simu yake ni ya vitufe.

Mzee_wa_Masjala
Aje ofisini kwako mkae pamoja. Na uichaji hiyo kompyuta tangu usiku, stima zetu unazijua.