Mnaopinga kutoa mimba: binti afungwe miaka saba au asifungwe?

Mleta mada:
Wakuu, mjadala wa kutoa mimba kwetu huwa unaishia palepale. Mmoja anasema ni mauaji, mwingine anasema mwili ni wake, matusi yanaanza, watu wanakwenda kulala. Leo naomba tuuanzie kwenye adhabu.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, haina kona. Kifungu cha 150: anayemtoa mwanamke mimba, hadi miaka 14 jela. Cha 151: mwanamke anayejitoa mwenyewe, hadi miaka saba. Cha 152: anayempa dawa au kifaa huku akijua kinakwenda kufanya nini, hadi mitatu. Maneno haya hayakutoka kwa wazee wetu wala kwenye msahafu. Ni ya Mwingereza, mzizi wake ni sheria yake ya 1861, yakaja huku pamoja na ukoloni. Mwenyewe kwake alishayalegeza tangu 1967, sisi tumebaki tumeyakumbatia kana kwamba ni mila.

Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 zilitolewa mimba kama 405,000 Tanzania, na wanawake wapatao 66,600 wakatibiwa kwa madhara yake. Basi mnaosema ni mauaji, hayo ni mauaji laki nne kwa mwaka mmoja. Mbona sijawahi kusikia mtu anadai polisi wapite nyumba kwa nyumba? Mpwa wako akikutwa ametoa, utampeleka kituoni? Kama hutampeleka, nieleze kwa nini.

Msimamo wangu nauweka mezani msije mkasema najificha. Kifungu cha 151 kifutwe. Mimba ya ubakaji na ya maharimu iruhusiwe kutolewa hospitali, kama Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, inavyosema kwenye Ibara ya 14. Itifaki hiyo Tanzania tuliiridhia wenyewe mwaka 2007. Zaidi ya hapo bado sijafika.

Mkristo wa Moshi:
Mkuu, swali lako ni la kijanja lakini linachanganya vitu viwili. Ubaya wa kitendo ni jambo moja, adhabu ni jingine. Fungua Kanuni hiyohiyo ya Adhabu, kifungu cha 199. Mama anayemuua mtoto wake mchanga kabla hajatimiza mwaka, huku akili haijatulia kwa sababu ya uzazi, hahukumiwi kama muuaji wa kawaida, anashtakiwa kwa kosa jepesi zaidi. Je, sheria imesema yule mtoto hakuwa mtu? Haijasema. Imemhurumia mama bila kumfuta mtoto. Na mimi naweza kumhurumia mpwa wangu nikakataa kumpeleka kituoni, bado nikashikilia kwamba kilichotolewa kilikuwa mtu.

Kwetu Wakatoliki uhai unaanza mimba inapotungwa. Hata ukiweka dini pembeni, nionyeshe ni lini kiumbe kinapata utu. Moyo ukianza kupiga? Akianza kucheza tumboni? Akitoka? Popote utakapochora mstari, kuna mtu atauliza kwa nini si jana yake. Na ukisema utu ni uwezo wa kujitegemea, baba yangu ana kiharusi mwaka wa tatu sasa, analishwa kwa kijiko. Sipendi hoja inayoanza kumhesabu.

Nesi wa zamu:
Mnajadili vizuri. Ngoja niwaambie inavyoingia wodini.

Usiku. Bajaji. Binti ameinama, kanga imelowa, pembeni yuko shangazi au mwenye nyumba. Ukiuliza kulikoni, "ameteleza bafuni." Mabafu ya nchi hii yana utelezi wa ajabu. Unapima presha, iko chini. Joto liko juu, na harufu umeshaijua kabla hujafunua. Hapo nahitaji kujua jambo moja tu: umetumia nini na lini. Kama ni vidonge, nina namna yangu. Kama kuna kijiti kimeingizwa, utumbo unaweza kuwa umetobolewa, nimwite daktari wa upasuaji sasa hivi, si asubuhi. Na hilo ndilo hasemi. Ameshamwona mlinzi getini na sare yake, akadhani ni askari anamsubiri yeye. Mkuu umeuliza kama binti afungwe hiyo miaka saba. Mimi naikuta pale kitandani, mdomo umefungwa na damu inatoka.

Na mjue hili, mkawaambie na wenzenu: kutibiwa mimba ikiharibika si kosa, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Ni huduma ya kawaida ya serikali, ina mwongozo wake. Hakuna anayepaswa kufia nyumbani kwa kuogopa kuulizwa.

Jirani wa Mombasa:
Ndugu zetu, msidhani mkibadilisha sheria mmemaliza. Sisi tuliibadilisha.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 26, inasema uhai unaanza mimba inapotungwa. Ibara hiyohiyo, mistari michache chini, inasema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Kwenye kura ya maoni makanisa yalipiga kampeni ya "La" kwa sababu ya kifungu hicho na cha mahakama za Kadhi. Tarehe 4 Agosti 2010 watu wakapitisha kwa takriban asilimia 67.

Kisha? Kanuni ya Adhabu ikabaki vilevile, vifungu vya 158 hadi 160, nakala moja na yenu. Wizara ya Afya ikatoa mwongozo kwa madaktari mwaka 2012, mwaka uliofuata ikauondoa. Ilibidi Mahakama Kuu ije kusema mwaka 2019 kwamba kuuondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Huku Kilifi, msichana wa shule alipata shida ya ujauzito, tabibu akamtibu, polisi wakaingia wakawakamata wote wawili. Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua Machi 2022 kwamba kukamatwa kule hakukuwa halali. Hiyo ni miaka kumi na kitu baada ya Katiba! Na mwaka 2012, Katiba ikiwa imeshaanza kazi, makadirio yalikuwa mimba 464,690 zilizotolewa. Polisi wetu wanasoma kitabu cha zamani.

Mzanzibari:
Naona mnasema "dini" kana kwamba ni moja. Kwetu Waislamu kuna hadithi ya Mtume aliyoipokea sahaba wake Ibn Mas'ud, roho inapulizwa zikitimia siku 120. Baada ya hapo wanazuoni wanasema ni haramu, wengi wakitoa udhuru wa uhai wa mama tu. Kabla ya hapo wamekhitalifiana: kwenye madhehebu ya Wahanafi wapo walioruhusu, Wamaliki wengi walizuia tangu mwanzo, na kwetu Mashafii mna kauli zaidi ya moja. Lakini khitilafu ya wanazuoni si duka la kuingia ukachagua kauli inayokupendeza. Aliyefikwa amwendee mwenye elimu, si kuuliza mtandaoni saa sita za usiku.

Dada wa Mbagala:
Kila mtu humu anazungumzia "kuchagua". Nani anachagua?

Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayempa mimba mwanafunzi anakwenda jela miaka 30. Nia ilikuwa njema. Sasa mfikirieni mwanamume anayejua tumbo la yule binti ndilo ushahidi. Huyo ndiye wa kwanza kwenda duka la dawa, wa kwanza kulipa bodaboda, wa kwanza kusema "tutalimaliza kimyakimya". Mara nyingi ni mtu wa karibu: mjomba, mwalimu, mpangaji. Mama mzazi naye anaogopa majirani. Na hadi Novemba 2021, kabla waraka wa serikali haujawaruhusu waliozaa kurudi shule, binti mwenyewe alijua mimba ikionekana masomo yameisha. Hapo hakuna aliyemuuliza anataka nini. Ameamuliwa na watu wazima watatu, yeye amepelekwa tu.

Mnaotaka iruhusiwe, mtamlindaje huyu ambaye anataka kuzaa na wote nyumbani wanataka itoke? Na mnaopinga, mlikuwa wapi alipokuwa anafukuzwa shule kwa kutokutoa? Makanisa na misikiti niliyoijua mimi ilimtenga aliyebeba, ikampa kiti cha mbele aliyetoa kwa siri.

Mleta mada:
Dada, hiyo ya miaka 30 sikuwa nimeiangalia upande huo. Nadhani ndiyo maana haki ya kuchagua haina maana bila chumba ambacho binti anaongea na mtaalamu peke yake, shangazi abaki nje. Kichochoroni chumba hicho hakipo. Ukitaka kumjua aliyelazimishwa, lazima kwanza aweze kuja hospitali bila kuogopa.

Mkristo wa Moshi, kifungu chako cha 199 ni hoja nzito kuliko zote humu, ila mimi naiona inakuja upande wangu. Pale huruma imeandikwa ndani ya sheria. Kwenye 151 haijaandikwa, tumeiacha kwa hisani ya askari wa zamu, na hisani hiyo ina bei. Mwenye pesa anatolewa na daktari, kwenye karatasi inaandikwa "hedhi isiyo ya kawaida", Jumatatu yuko kazini. Anayefika kwa nesi na bajaji usiku ni mwingine kabisa.

Halafu nikubalie jambo moja. Tuseme kijusi ni mtu kamili, nakupa hilo bure. Mwanangu aliyeshazaliwa ni mtu kamili pia. Akihitaji figo yangu, hakuna mahakama itakayonilazimisha nimpe, hata kama atakufa. Utanisema kijijini mpaka nihame, lakini hutanifunga. Kwa nini mwanamke peke yake ndiye anayelazimishwa na dola kuutoa mwili wake miezi tisa?

Mkristo wa Moshi:
Kumnyima figo ni kuacha kumsaidia anayekufa kwa ugonjwa wake. Kutoa mimba ni kwenda kumuua asiyeumwa chochote. Usinipitishie hapo.

Ila ya karatasi ya hospitali ni kweli, nimeiona kwa watu wangu wa karibu. Na ya Dada wa Mbagala imenichoma, sina jibu la kumpa kuhusu kanisani. Basi niseme hivi: cha 151 kiondoke, niko tayari kutia saini. Mwanamke asifungwe. Cha 150 kibaki, wanaofanya biashara ya kutoa mimba wafungwe hiyo 14 yote.

Mleta mada:
Na daktari wa wilaya aliyemsaidia mtoto wa miaka 13 aliyebakwa na baba wa kambo? Naye 14?

Mkristo wa Moshi:
Huyo mwili wake haujakomaa kuzaa, maisha yake yako hatarini. Kifungu cha 230 kinamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Kinatosha.

Nesi wa zamu:
Kinamtosha nani, kaka? Mtoto akiletwa ana mimba ya wiki kumi, anatembea, anakula, presha nzuri, nitaandika nini kwenye faili kwamba maisha yako hatarini leo? Hatari yake itakuja mwezi wa tisa, uchungu wa siku mbili, pengine fistula. Kifungu kinasema maisha, hakisemi afya. Daktari wangu ni mmoja, ana watoto wa kusomesha, hawezi kukijaribu kwa kubahatisha. Mkimaliza kukubaliana, tuandikieni: anasaini nani, wangapi, na kama ni Ijumaa jioni na mkuu wa hospitali amesafiri, simu anapigiwa nani.