Songwe hadi Dar kwa ndege: kilomita ngapi, na aache nafasi ya muda gani kuunganisha?

Kiwira_Juu: Wakuu, habari za humu. Mzee anatoka Makambako, anapandia ndege Songwe (uwanja wa Mbeya), akifika Dar anaunganisha ya kimataifa. Tovuti moja inasema Songwe–Dar km 671, nyingine 691, ramani ya simu zaidi ya 800. Muda nao: dakika 70, kwingine saa moja na nusu. Nishike ipi?

Nyuzi8: Shika 691. Hiyo ya 800 na ushee ni ya barabara, kupitia Iringa na Morogoro. 671 inatokana na MBI, alama ya uwanja inayoandikwa kwenye tiketi: ilikuwa ya uwanja wa zamani pale Mbeya mjini, Songwe ulipofunguliwa mwaka 2012 ikahamia huko. Tovuti ambazo hazijarekebisha zinapima kutoka mjini, na Songwe uko km 20 hivi magharibi zaidi.

Hakikisha mwenyewe. Songwe ni latitudo 8.92 kusini, longitudo 33.27 mashariki, JNIA (uwanja wa Julius Nyerere, Dar) ni 6.88 na 39.20. Tofauti ya latitudo 2.04 zidisha kwa 111, km za nyuzi moja, unapata km 226. Tofauti ya longitudo 5.93 zidisha kwa 111 kisha kwa 0.99, kwa sababu mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta: km 652. Kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Inakuja 690 hivi.

mzigo_kilo23: Muda unategemea ndege. Jeti ikiwa juu inakwenda km 800 na zaidi kwa saa, pangaboi kama Q400 inacheza kwenye 600. Ongeza dakika 20 hadi 25 za kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka. Kwa hiyo jeti ni saa moja na robo hivi, pangaboi karibu saa moja na nusu. Tovuti nyingi zinagawanya tu umbali kwa mwendo, ndiyo maana unaona dakika chache mno.

Ila mzee hatachelewa angani, atachelewa chini. Makambako hadi Mbeya ni km 170 hivi, halafu avuke jiji zima: Uyole hadi uwanjani ni km 29, na malori ya Tunduma yakibanana Mwanjelwa au Mbalizi hakuna njia ya maana ya kuchepukia. Ndege ikiwa ya asubuhi, alale Mbeya, tena upande wa Mbalizi.

Nyuzi8: Ukungu pia. Ndege inayomchukua kwa kawaida ndiyo hiyo inayotoka Dar. Ikishindwa kutua Songwe, naye anasubiri. Za mchana ni salama zaidi. Saa ya tiketi msomee vizuri: 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, wazee wengi huisoma saa saba.

Kiwira_Juu: Shukrani wakuu. Na pale Dar?

mzigo_kilo23: Anashukia Jengo la 2, ya kimataifa iko Jengo la 3. Lazima atoke nje, ahamie huko, akaguliwe upya, na kaunta nyingi hufungwa saa moja kabla ya kuruka. Nafasi ya saa nne kati ya ndege hizo mbili ni sawa. Tiketi zikiwa mbili tofauti mimi ningempa sita, maana akikosa ya pili hasara ni yake. Ikiwa tiketi ni moja, akiwa bado kaunta ya Songwe asome kikaratasi cha begi: kikiishia DAR, begi atalichukua Dar mwenyewe.