Mombasa hadi Malindi kwa baiskeli ya viti viwili: siku moja inatosha?

Mwendo_Pole
Ndugu zangu, nawasalimu. Mdogo wangu wa kike, ambaye haoni tangu akiwa na umri wa miaka tisa, amenisihi kwa muda mrefu tuendeshe baiskeli hadi Malindi, na mwezi uliopita tulipata baiskeli ya viti viwili iliyokwisha tumika. Tumezoea kwenda kilomita 40 kila Jumapili asubuhi, mimi mbele nikishika usukani na yeye nyuma. Sasa tunataka kuimaliza njia yote, yapata kilomita 120, kati ya alfajiri na magharibi, mwezi wa Agosti. Mama hajaridhia, kwa kuwa anamhofia binti yake barabarani. Naomba ushauri wa waliowahi kupita: tupumzike wapi, na upepo utatufaa au utatutesa?

Pwani_Kwa_Pwani
Agosti mmechagua vyema, kwani upepo wa kusi bado unavuma nanyi mnaelekea kaskazini, kwa hiyo utawasukuma kutoka nyuma, upande wa bega la kulia. Safari hiyohiyo mkiifanya Januari, kaskazi itawapiga usoni kutwa nzima, na baiskeli nzito haina siri mbele ya upepo. Vukeni daraja la Nyali mara tu kunapopambazuka, kabla matatu hazijajaa, kwa sababu kipande cha kufikia Mtwapa ndicho kigumu kuliko vyote, si kwa vilima bali kwa magari. Hapo Mtwapa kunyweni chai kwa mahamri na mbaazi, kisha msikawie. Mkiingia Kilifi saa nne mtakuwa nusu ya safari. Kaeni kivulini mpaka saa nane, mnywe madafu, maana jua la utosini huchosha kuliko mwendo wenyewe. Baada ya Matsangoni msitu wa Arabuko-Sokoke utakuwa mkono wenu wa kushoto, na kutoka Gede hadi Malindi hakuna kazi kubwa tena.

Kiti_cha_Nyuma
Mimi pia sioni, na nimekaa kiti cha nyuma miaka mingi, kwa hiyo nina neno kwako wewe wa mbele. Pedali zenu zimeunganishwa kwa cheni: ukiacha kukanyaga bila kusema, miguu ya mwenzako inakwama ghafla. Mwambie kila jambo kabla halijatokea: “tuta”, “giya”, “tunapunguza”, “lori nyuma”. Tuta lisilotangazwa wewe umeshaliona na kujinyanyua kitini. Yeye analipokea kwa uti wa mgongo. Na usidhani kwamba anabebwa, kwani nguvu ya miguu yake ni nusu ya mwendo wenu. Juu ya daraja la Kilifi mlio wa matairi hubadilika, upepo wa baharini ukampiga mkono wa kulia, na sauti za watu zikabaki mbali chini majini. Nyamaza kidogo hapo, umwachie asikilize.

Kuhusu mama, msimulieni habari za Mkenya Douglas Sidialo, aliyepoteza macho katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, na baadaye akaendesha baiskeli ya namna hii kutoka Cairo hadi Cape Town.

Fundi_Spana
Gurudumu la nyuma ndilo litakalowalaza njiani, kwa kuwa linabeba sehemu kubwa ya uzito wa watu wawili na mizigo. Pigeni kila spoki kwa kucha. Inayotoa mlio mzito kuliko wenzake imelegea. Badilisheni raba za breki hata kama zinaonekana kufaa, na mbebe tyubu mbili, viraka na pampu.

Mwendo_Pole
Nawashukuru sana, hasa wewe wa kiti cha nyuma. Nimemsomea mdogo wangu maneno yako mara mbili. Jana jioni tuliipindua baiskeli uani, yeye akazipiga spoki moja baada ya nyingine na kupata mbili zilizolegea upande wa giya, ambazo mimi nilikuwa nimezipita. Mama alikaa kizingitini akimtazama, asiseme kitu. Alipoinuka kuingia ndani aliuliza tutahitaji mahamri mangapi.