Filamu za katuni zilizorudiwa: watoto waonyeshwe ya zamani au mpya?

Shangazi wa Langoni, Lamu

Asalaam aleikum. Watoto wa kaka yangu watakuwa kwangu likizo hii, mkubwa ana miaka 11 na mdogo ana miaka 6, na nimewaahidi kwamba kila Ijumaa usiku tutatazama filamu moja pamoja. Tatizo ni kwamba karibu kila katuni niliyoipenda utotoni sasa ina toleo la pili, lililofanywa kwa waigizaji halisi au kwa kompyuta. Kaka yangu anashikilia kwamba matoleo hayo ni biashara tupu. Nawauliza waliotazama ya zamani na mapya: je, liko lolote lenye sababu ya kuwapo, na je, linamfaa mtoto wa miaka 6?

Mwalimu, Malindi

Wa aleikum salaam, dada. Kuhusu biashara, kaka yako hakukosea, kwani The Lion King ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani kote, na studio iliyoonja faida ya namna hiyo haiwezi kutulia.

Kwa filamu za wanyama, ushauri wangu ni ubaki na ile ya 1994. Mchoraji ana uhuru wa kuinua nyusi za simba, kulegeza midomo yake na kumpanua macho mpaka mtoto aione huzuni kabla ya neno kutamkwa, ilhali Jon Favreau, mwongozaji wa ile ya 2019, na mafundi wake walitaka simba wao afanane na simba wa mbugani unyoya kwa unyoya, na simba wa mbugani hana uso wa kulia. Ndiyo maana Simba anapofiwa na baba yake katika toleo jipya, sauti inalia na uso umetulia. James Earl Jones ndiye aliyetoa sauti ya Mufasa katika zote mbili, na bado ni ile ya kwanza inayotikisa moyo. (Kuihesabu hiyo ya 2019 kuwa filamu ya waigizaji halisi ni ajabu, maana karibu kila picha iliyomo imetengenezwa kwa kompyuta.) Watengenezaji wa ile ya kwanza walikuja hapa Kenya kuangalia mandhari ya Hell's Gate, walijua nyika ilivyo, wakachagua kutoiiga yote.

Kuhusu umri, huko Marekani The Lion King, Aladdin na Beauty and the Beast za zamani ziliwekwa katika daraja la watazamaji wa rika zote, lakini matoleo mapya ya zote tatu yamewekwa katika daraja linalohitaji uongozi wa mzazi. Fisi wa kuchorwa huchekesha hata anapotisha.

Mpenda Tungo, Mkomani

Nakubaliana na Mwalimu juu ya simba, ila sikubali kwamba kosa liko katika kurudia. Sisi huku Lamu tumelelewa na takhmisi: mshairi huchukua tungo ya aliyemtangulia, akaitunza neno kwa neno, kisha akatanguliza mishororo mitatu yake mwenyewe katika kila ubeti, na wasikilizaji humpima kwa ile mitatu. Filamu ya simba imerefuka kutoka dakika 88 hadi 118, na katika nusu saa hiyo ya ziada sikuona mshororo hata mmoja wa kukumbukwa.

Aladdin ni habari nyingine. Hadithi yenyewe haikuwamo katika miswada ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Mfaransa Antoine Galland aliisikia Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, msimulizi wa Aleppo, akaitia katika tafsiri yake, na humo Aladdin ni kijana wa China. Nani basi atadai kwamba filamu ya 1992 ndiyo asili? Wimbo wake wa kwanza uliisema nchi ya Waarabu kuwa ni mahali ambapo mtu hukatwa sikio kwa kuwa sura yake haikupendeza. Waarabu wa Marekani walilalamika, na mwaka 1993 mstari huo ukabadilishwa katika kanda za kutazamwa nyumbani, ingawa tusi la ushenzi lililoufuata lilibaki. Guy Ritchie alipoirudia filamu hiyo mwaka 2019, sehemu hiyo iliandikwa upya. Tena Jasmine, ambaye zamani alingoja baba yake abadilishe sheria ya ndoa, safari hii anakabidhiwa usultani akaibadilisha mwenyewe. Hapo pana nyongeza ya kweli, japo Will Smith hamfikii Robin Williams katika nafasi ya jini, wala simjui atakayemfikia.

Baba wa Watatu, Mambrui

Binti yangu aliitazama The Little Mermaid ya 2023 kabla ya ile ya 1989, na alifurahi mno kumwona Halle Bailey, aliyeigiza nguva, mwenye rangi inayokaribia yake. Mimi sikupenda giza la bahari yao; aliyewahi kuvaa miwani akatazama samaki wa Watamu atashangaa. Kisha ni dakika 135, na mtoto wa miaka 6 hatafika mwisho.

Shangazi wa Langoni, Lamu

Ahsanteni sana. Simba wa 1994 atakuwa wa wote, na Aladdin ya 2019 ni ya mkubwa, mdogo akishalala. Je, Cinderella ya 2015 mnaionaje?

Mwalimu, Malindi

Hiyo iweke. Katika katuni ya 1950 mwana wa mfalme hasemi karibu lolote, lakini Kenneth Branagh, mwongozaji wa ile ya 2015, amempa jina, baba mgonjwa na mazungumzo na msichana huko msituni kabla ya dhifa, kwa hiyo ndoa yao inaaminika. Mama wa msichana anafariki mapema na habari ya kifo cha baba yake haichelewi. Mkalishe mdogo karibu nawe katika sehemu hizo.