Mtoto chafya usiku tu, mchana yuko mzima kabisa. Nianzie wapi?

MamaTunu: Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Binti yangu ana miaka sita. Tangu tuhamie chumba na sebule huku Sinza, akipanda kitandani tu ni chafya, makamasi mepesi, macho anafikicha mpaka yanaiva. Shuleni hana shida, na akilala kwa bibi yake Kibaha anapona. Paka hatuna, kapeti nimetoa, nadeki kila siku. Kitu gani kimejificha humu ndani?

KonaBar: Mende wapo? Nyumba zetu za kupanga zimebanana, jirani akipuliza dawa wanahamia kwako. Kinyesi chao, mate na magamba vikikauka vinakuwa vumbi, na hilo vumbi linabaki hata mende wenyewe wakiisha. Angalia nyuma ya friji.

Fundi_Kochi: Mkuu, mende wangemsumbua na sebuleni. Huyu anaanza akipanda kitandani. Dada, godoro ni jipya au mmelikuta?

MamaTunu: Tuliachiwa na mpangaji aliyetoka. Mto ni wa sufi, na analala na dubu wa manyoya wa mtumba.

Fundi_Kochi: Basi mshuku utitiri wa vumbi, vidudu vidogo mno vya kwenye godoro na mito. Kwa macho huuoni. Unakula vipande vya ngozi vinavyotudondoka, unapenda unyevu, na unyevu wa Dar unaujua. Mashuka na foronya fua kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi. Godoro livalishe kava la kuzibwa zipu pande zote. Juani anika, sawa, ila jua halitoi kinyesi cha utitiri, na hicho ndicho kinachomwasha. Mto tupa.

Nesi_mstaafu: Chandarua nacho kinashika vumbi, lakini msikiondoe jamani, malaria haina utani! Kifue taratibu kwa sabuni ya kipande na maji ya baridi, uanike kivulini, jua linaua dawa yake. Udi na dawa ya mbu ya kuchoma pumzisha kwanza: moshi unaichokoza pua ambayo tayari imevimba. Akianza kukohoa usiku au kifua kutoa mlio, mpeleke hospitali mapema, isije ikawa pumu.

MamaTunu: Asanteni sana. Na dubu? Bila yeye halali.

Fundi_Kochi: Mfunge kwenye mfuko, mlaze friza siku nzima, kisha umfue umkaushe vizuri. Mtoto akiuliza, mwambie kaenda Makete, kule kwenye baridi.